Ritifaa

Mstari wa 212, safu ya 31.
Hapo ndipo mashine ilipogoma,
ikatema hati mia mbili na kumi na moja
kisha ikafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa.

Newala, saa mbili asubuhi, ukungu umekalia paa la ghala.
Nje, kwenye mabenchi ya chama cha ushirika,
watu wamejifunga khanga mbilimbili kwa baridi.
Korosho ilishakwenda mnadani. Fedha ipo.
Kinachongojwa ni karatasi.

Nikafungua kiolezo.
Mabano ya pembe, juu mpaka chini:
kila kinachofunguliwa sharti kifungwe,
cha ndani kabla ya cha nje,
hakuna avuaye shati kabla ya koti.
Nikakuta <kilo> imeachwa wazi, nikashangilia,
nikaifunga, nikabonyeza.
Mstari wa 212, safu ya 31.

Dadi wa mizani akachungulia. "Bado?"
"Bado."
Akarudi na chai ya tangawizi, akaiweka mbali na kibodi,
maana msimu wa juzi aliinywesha kibodi
na mpaka leo herufi ya h inabonyezwa kwa ngumi.

Basi nikahesabu kwa ncha ya kalamu, herufi kwa herufi,
kama bibi alivyochambua korosho mbovu,
akizitikisa sikioni moja moja.
Ya thelathini na moja
haikuwa hata herufi. Kialama,
kama ukucha wa mtoto mchanga,
kinaning'inia kati ya g na o:
Somoe Likong'oma.

Aliyeunda kiolezo, sijui alikaa mji gani,
alilizungushia kila jina kinukuu kimoja huku, kimoja huku.
Mashine ikasoma Likong, ikaona alama,
ikasema: jina limekwisha.
Kisha ikajikwaa kwenye oma,
kama mtu aliyeaga, akafunga mlango,
akakuta mkono wa mgeni ungali ndani.

Nikampigia fundi, Mtwara mjini.
"Toa hicho kidude, dada. Andika Likongoma.
Nani atajua?"

Nani atajua!
Mwalimu Nambunga alinisimamisha mbele ya darasa la tatu
niseme ng'oa, niseme ngoa,
ng'oa, ngoa,
mpaka pua na koo vikapatana:
moja ni ya kisiki, nyingine ni ya moyo wenye wivu.
Kitambulisho chake kitajua. Benki itajua.
Na ukurasa wa tisa wa daftari hilihili
yupo Likongoma asiye na kialama,
mwanamume wa Kitangari, magunia manne.
Mama huyu ana kumi na moja.

Jina sikuligusa.
Niligusa ukuta wake:
kinukuu kimoja nikakifanya pacha, mwanzo na mwisho,
mahali pamoja tu kwenye kiolezo.
Kazi ya sekunde mbili
na asubuhi nzima ya kuitafuta.

Printa ikakohoa, ikaendelea.
Akapita Likong'oma. Nyuma yake wakapita
Ching'unde, Nang'olo, Mnung'a na nduguye,
foleni nzima ambayo ingekwama
kwenye kizingiti kilekile.
(Penye kijiji pakatoka "Kijiji: kijiji".
Hilo nililisahihisha kwa kalamu, hati kwa hati,
na sitaki kulizungumzia.)

Saa sita na robo mama Somoe akaingia,
akasoma kilo, akasoma jumla, midomo ikicheza,
kisha akalisogeza jina lake karibu na dirisha.
Akalilowesha dole gumba ulimini,
akaanza kusugua.

"Mwanangu," akasema, "hapa
wino umekudondokea."