Moyo Uliopigwa Pasi

Umeisimulia tena, Mgalula, ile ya fisi na mganga,
hapa barazani kwangu, Isevya,
na watu wameanguka:
muuza karanga kamwaga karanga,
Kalunde kajishika mbavu, kaomba maji,
hata kijana wa bodaboda aliyekuja kudai deni
kasahau deni.
Mimi nimefika mwisho wa pindo,
nimekata uzi kwa meno.
Ukasema: "Mama Kulwa, huo moyo umepigwa pasi."

Hiyo, kwa kweli, ilikuwa nzuri kuliko fisi.

Lakini sikiliza. Mimi nacheka.
Ila sicheki mahali ambapo kicheko kimepangiwa viti
na msimuliaji anakodolea mlango.
Fisi wako namwona tangu yuko darajani,
najua mganga atapoteza nini,
na wewe unaanza kucheka kabla hajafika.
Mgeni gani huyo, akilakiwa hivyo,
ataingia na adabu?

Juzi kaja diwani, suti ya kuapishwa.
Nikapitisha futi kiunoni, akabana pumzi.
Akabana, akatazama dari kama anayesali,
tumbo likapanda kifuani likajificha huko.
Nikaandika thelathini na sita. Sikusema neno.
Kiuno ni cha mwenyewe.
Ijumaa kaja kuchukua. Kavaa. Kajitazama kiooni.
Kisha, Mgalula, akapumua.

Kifungo kilipita sikioni pangu
kikagonga bati la jirani: ti!
Akaniambia, kwa sauti ya mkutano wa hadhara,
"Vitambaa vya siku hizi vinasinyaa."
Nikasema ndiyo mheshimiwa, vinasinyaa.
Usiku, ndani ya chandarua, nililia kwa kucheka
mpaka Kulwa akaamka akidhani nina homa.

Nimerithi. Baba yangu alikuwa mtu wa stesheni,
mshika bendera, miaka thelathini na mmoja,
na kitu kimoja tu kilimchekesha duniani:
treni ya Kigoma ikifika kwa saa yake.
Haikumtokea mara nyingi.
Mama anazihesabu nne.
Alikuwa anakunja bendera, anaingia chumba cha taa,
anafunga mlango, na huko ndani, wanasema,
zilisikika chemli zikitikisika.

Siku ya kumzika alikuja Mwinshehe, Mzaramo, mtani wetu,
kavaa kepu ya marehemu,
kachomoa bendera nyekundu ukutani bila kuuliza,
akasimama katikati ya njia mbele ya jeneza.
"Hapiti mtu! Laini haijafunguliwa.
Nani kamkatia tiketi huyu?
Arudi angoje, kama alivyotungojesha sisi!"
Akadai elfu kumi, akapewa tano,
akaipigia kelele ile tano.
Watu walicheka na kanga machoni.
Mama alikaa chini vumbini, kicheko kimemmaliza miguu.
Mimi nilisimama. Pasi, kama ulivyosema.

Ndipo akatoa saa ya baba mfukoni,
akaitazama, akaisogeza sikioni, akaitazama tena,
uso ukambadilika,
aliigiza au hakuigiza, sijui,
akasema polepole, kama anayejisemea:
"Ala. Leo Mzee Msonde kawahi."

Kilinitoka.
Kilikuwa na maji ndani, kilikuwa na kikohozi,
wanawake wakanishika mabega huku na huku
maana hawakujua kama ni kile au ni kingine,
na mimi sikujua, mpaka leo sijui.
Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Basi usinihurumie, usiniongezee fisi.
Ukipata cha mtu ambaye hakuwa anatania, niletee,
nitakushonea shati.
Na sogeza mguu, Mgalula.
Umekanyaga kitenge cha watu tangu mwanzo wa hadithi,
na unavyokikanyaga kwa heshima hivyo,
vidole umevikunja kama uko msikitini...
Ondoka. Ondoka usinichekeshe,
nina pini mdomoni.