Ka Iliyohama

Mimi ni karani wa mizani, bohari la mkonge, Gofu.
Miaka kumi na tisa napima marobota,
na kila asubuhi, kabla ya robota la kwanza,
napima hewa:
sahani tupu, mshale ukae penye sifuri.
Ukiegemea, hata kwa unywele,
nagonga kwa kidole, nangoja, natazama tena.
Vijana wa kupakia hunicheka:
"Mzee Hoza anauza upepo."

Jumanne wakanichukua.
Marobota kumi na manne hayaonekani
na saini yangu iko chini ya karatasi,
ile yenye mkia, nisiyoweza kuikana.

Chumba cha kituoni: meza, feni isiyozunguka,
kalenda ya mwaka juzi ya duka la rangi.
Nitasema kweli, afande hakunigusa.
Alinipa hata chai.
Ndiyo maana nikaongea
kama mtu anayemsimulia shemeji yake,
na njaa ikaongea, na usingizi ukaongea,
na Mwanahija, mke wangu, tangu alfajiri
yuko nje ya lango na chupa ya uji.

Mimi nikisema, yeye akiandika.
"Haya. Saini hapa."
Nilikuwa nimeshaishika kalamu.

Wakili Shekimweri aliingia
na kofia ya bodaboda bado kichwani.
Hakusema, "Huyu hana hatia."
Angejuaje? Hakuwa ameniuliza.
Alisema, "Tusomee, afande."

*Nilijua yamepungua, nikasaini.*

"Ndivyo ulivyosema?"
Nikasema ndiyo. Maneno yote yalikuwa yangu.
"Hebu simama pale ulipokuwa umesimama siku ile.
Usikimbie. Sema tena."

Nikafumba macho.
Lori linanguruma. Dereva anapiga honi, meli haimsubiri.
Karatasi iko juu ya paja langu.

*Nilisaini, nikajua yamepungua.*

Feni haikuzunguka.
Mama yule akaandika mistari miwili,
mmoja chini ya mwingine,
akaweka kidole penye *ka*.
Ilikuwa imehama.
Silabi moja, imembeba mtu mzima
kutoka kwenye uzembe ikamtua kwenye wizi.

Afande aliitazama karatasi yake
kama aliyekuta chumvi kwenye chai.
Sidhani alikusudia.
Majalada yamefika kiunoni,
na sikio lililochoka
husikia lile lililokwisha kulitarajia.

Sasa huku Barabara ya Kumi na Mbili wananiuliza:
"Kama huna kosa, wakili wa nini?"

Kosa ninalo.
Nilisaini kabla ya kupima, mimi,
mwuza upepo, siku moja tu katika miaka kumi na tisa.
Hilo nitalilipa.
Lakini nilipe uzito wake,
si uzito wa mkono wa mtu
uliosahaulika juu ya sahani.

Mstari ukakatwa, ukaandikwa upya.
Ukasomwa kwa sauti, mara mbili.
Chupa ikaruhusiwa kuingia.
Uji ulikuwa umeshapoa, pilipili manga imetuama chini.

Nikanywa, nikasaini.
Kwa mpangilio huo.