Inchi Arobaini na Sita

Mwaka ule, pale Ngamiani, neno liligeuka kinywani.
"Umenenepa" ilikuwa zawadi,
ulipewa pamoja na kiti.
Sasa wakilisema hushusha sauti
kama wanaokwambia upindo umefumuka nyuma.

Shangazi Mwanakombo, kungwi wangu,
aliyenivisha shanga akasema mwili ni heshima,
ndiye aliyeniletea chai ya pakiti ya kijani:
"Kunywa usiku. Asubuhi inashuka yote."
Ikashuka, kweli. Nililala chooni.

Tulikuwa tisa kwenye kamati ya sare
ya harusi ya Mwanamvua.
Zuhura akaandika majina daftarini, mbele ya jina kilo,
na kila Jumamosi tukapanga mstari pembeni ya soko la Mgandini
kwa kijana mwenye mzani unaosema.
Mia mbili kupanda.
Mashine ikatamka mbele ya wauza machungwa:
"Kilo tisini na moja, nukta nne."
Hata ile nukta nne haikunisitiri.
Muuza machungwa akanitazama, akapunguza bei,
sijui kwa huruma au kwa adabu.
Nikayanunua. Sikuyala.

Nikaacha wali. Nikaacha mkate wa ajemi.
Barabara ya Kumi na Tatu nikawa naizunguka
nisizisikie bajia zikichachatika mafutani.
Nikanuka ndimu.
Nikamfokea mtoto wa darasa la pili
kwa kutafuna muhogo karibu yangu.
Zikashuka kilo tatu. Wakanipigia makofi.
Hakuna aliyeuliza nilichopunguza ni nini.

Fundi Mhina hapimi kwa macho.
Ana futi kuukuu, namba za mwanzo zimefutika:
"Futi yangu inaanzia kumi," husema,
"chini ya hapo sijawahi kushona mtu."
Akaizungusha. Akaandika 46 kwa chaki ukingoni mwa meza.
Nikamwambia, kata arobaini na mbili. Mwezi ujao nitaenea.
Miguu yake ikatulia juu ya pedeli.
"Mwalimu, huyo wa arobaini na mbili simjui.
Hajaja hapa. Hajanisalimia.
Akija nitampima na yeye.
Kitambaa hiki ni cha aliyesimama."

Nilikasirika, kusema kweli.
Sikuaga.

Usiku ndipo nikakumbuka homa ya matumbo,
nina miaka kumi na tatu, Bombo, kitanda cha dirishani.
Mama alinishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili
na vidole vikapitana.
Akanirudisha kwa kijiko:
uji wa ulezi, mchuzi wa changu,
kijiko na jina langu, kijiko na jina langu.
Siku bangili yangu ya zamani ilipokataa kupita
alipiga vigelegele peke yake uani,
majirani wakadhani nimepata mchumba.
Nyama hii ya mkono, inayotikisika nikiandika ubaoni,
mama aliijenga.
Nami nilikuwa naimwaga chooni.

Sitasema niliamka najipenda.
Kioo cha kabati bado hunisengenya siku nyingine.
Nilichofanya ni kumwomba Zuhura daftari,
nikakata kilo, jina nikaliacha.
Alininunia siku nne.

Siku ya harusi gauni liliingia bila ubishi.
Nikakaa. Nikapumua nimekaa,
jambo ambalo Zuhura hakuliweza
mpaka saa tano usiku, aliponivuta uani,
akanigeuzia mgongo:
"Nishushie zipu, shoga. Kidogo tu."
Nikaishusha yote.
Tukasimama hapo kando ya masufuria,
mgongo wake una alama nyekundu mpaka kiunoni,
yeye akitafuta pumzi, mimi nikimenya chungwa.
Hakusema kitu.
Alinyoosha mkono tu, nikampa nusu.