Hesabu ya Mlangoni

Nilichora vijiti mlangoni kwa chaki,
kila asubuhi nafuta kimoja.
Vilipofika sitini na kimoja mkono ukagoma.

Moko ilinipa ishirini na nane ya Hesabu.
Mwalimu Shemdoe hakunigombeza,
alikunja karatasi mara mbili, akanipa.
Afadhali angenigombeza.

King'ora cha korona kimelia Ngombezi nzima.
Mama katoka na panga lake kungali giza,
mkonge haumsubiri mtu;
kaniachia chai, na neno: "Soma."

Nasoma nini?
Ukurasa wa logi u wazi tangu Ijumaa,
unanitazama, nautazama,
tumechokana kama wake wenza.

Juzi sikufuta. Jana sikufuta.
Leo nafungua mlango, nakuta vimefutwa vitatu,
juzi, jana na leo, bila deni,
na kando, mwandiko wa Mbwana, darasa la tatu:
kanakili kanuni yangu ya eneo la duara,
kasahau kipeo cha pili,
kaweka na jina lake chini
kama vile kaivumbua yeye.

Nikacheka peke yangu.
Nikaokota chaki,
nikaipandisha ile mbili ndogo begani kwa r.
Kisha nikavuta kigoda.
Nikapima sinia. Nikapima kifuniko cha sufuria,
na gurudumu la baiskeli ya marehemu baba
linaloning'inia ukutani halina tairi.

Chai ilikwishapoa, imetanda utando.
Nimeinywa hivyo hivyo.

Hamsini na vinane.