Kabla ya Vizimba

Saa kumi na mbili na robo, Kayenze.
Ziwa halijaamua rangi.
Mazigo anazima injini, tunaelea,
nami nashusha sahani, nusu nyeusi nusu nyeupe,
kwa kamba yenye fundo kila nusu mita.
Fundo la tatu: naiona.
La nne: kama sarafu kisimani.
La tano: imekwenda.

Naandika. Nashusha kipima hewa.
Mita moja, saba nukta mbili.
Mita tano, sita.
Mita tisa, moja na kitu,
namba inayojibu salamu
bila kuinua macho.

Nyanjige ameketi omoni, mkoba mapajani.
Mkopo wa kikundi umeshatoka;
vyuma vya vizimba sita vimelazwa uani kwake,
kuku wameshavizoea.
"Ziwa lote hili," anasema,
"nawe unaliuliza kwa kamba?"

Namtafutia maneno:
mkondo wa hapa mvivu,
chakula kitakachosazwa kitatua chini, kitaoza,
na siku maji yakipinduka
cha chini kitapanda,
sato wote wafe kabla ya chai.

Mazigo, ambaye hakuulizwa:
"Hapa hapa, mwaka nilioozesha binti,
tulikuta furu wameelea alfajiri.
Tuliwazoa kwa ndoo. Hatukuwala."

Kimya. Wimbi moja linagonga ubao.
Nyanjige anaweka mkoba chini, anaivuta kamba,
anapapasa mafundo kwa dole gumba,
moja moja, kama anayehesabu marejesho.

"Washa," anamwambia Mazigo.
"Kule kwenye mawimbi.
Sahani nitashusha mwenyewe."