Chini ya Mtutu

Darvin Renninger aliileta imeviringwa blanketi la farasi,
akailaza mezani pangu
kama mtu alazaye mtoto aliyesinzia njiani.
"Ya babu wa babu," akasema. "Ilipigana na Waingereza."
Dirishani, mlima wa Pensilvania
ulikuwa na theluji ya jana tu, chafu, ya kando ya barabara.

Nikaipakata. Gumegume ndefu, yanifika kidevuni,
kitako cha mjozi, kisanduku cha shaba ubavuni,
na kutu, kutu ya heshima,
na weusi ule wa mbao iliyoshikwa ikashikwa tena.

Lakini kutu nayo hufundishika uongo.
Najua siki. Najua chumvi na chai iliyokolea.
Ujanani nilivizeesha vitu vingi kwa usiku mmoja,
sijivunii.

Nikalegeza jiwe, nikafungua mtambo.
Hesi za parafujo sawa kwa sawa,
zimekatwa na mashine isiyojua kuchoka.
Ndani, mshono mwembamba wa kalibu:
chuma cha kumiminwa, hakikuonja nyundo.
"Darvin," nikasema, "hii haikumwona Mwingereza yeyote."
Alitazama viatu vyake vikichuruzika sakafuni.

Pini nne nikazisukuma kwa msumari butu.
Mtutu ukanyanyuka kutoka kitandani mwake
na harufu ya mafuta ya kitani, bado mbichi kidogo.
Upande wa chini, pasipofika jua wala mgeni,
herufi mbili za patasi: O.R.

"Nani wa O kwenu?"
Akahesabu wanaume kwa vidole.
Emory. Hiram. Clayton wa mgodini, ambaye hakutolewa.
Vidole vikaisha, O haikuja.
Akavuta kigoda, akaketi.

"Shangazi Orpha," akasema, polepole,
kama anayesoma jina hilo mara ya kwanza.
"Alishona kola kwenye kiwanda cha mashati.
Alikuwa na kibanda nyuma ya kuku.
Sisi tulidhani anatengeneza vizimba."

Nikamwonyesha moyo wa fedha shavuni mwa kitako.
Hapa patasi iliteleza, unene wa unywele,
naye akaliziba pengo kwa unga wa mbao na gundi,
kipande kwa kipande, mpaka mistari ya mti ikakutana.
Mimi ningepaka rangi.
Yeye aliliunga kama kola.

Ikabaki tarehe.
Sabini na... na kutu imekula tarakimu ya mwisho.
Nne? Tisa? Nikaweka lenzi, nikahamisha taa,
nikapitisha karatasi na penseli juu yake:
ikatoka nne. Nikarudia. Ikatoka tisa.
Muhuri wa kiwanda cha mtutu hausaidii;
mtutu waweza kununuliwa leo
ukangoja kabatini miaka mitano, chini ya vitambaa.
Mwaka wa sabini na sita nchi ilitimiza miaka mia mbili,
kila mwanamume akataka gumegume ukutani.
Je, alilitangulia kundi,
au alingoja makelele yapite?

"Sabini na saba," Darvin akasema, "mashine ilimkata kidole.
Cha shahada. Mkono wa kulia."

Tukanyamaza sote wawili.
Kama ni nne, vidole kumi.
Kama ni tisa, tisa.

Nikaandika kwenye stakabadhi:
Nakala. Mtengenezaji, Orpha Renninger.
Mwaka nikauacha wazi.
Hakuniuliza bei.
Alichukua patasi yangu nyembamba kwenye rafu,
akakunja kidole cha shahada ndani ya kiganja,
akajaribu kuishika kwa vilivyobaki,
akaigeuza, akajaribu tena,
na nje theluji mpya ikaanza
bila yeyote kati yetu kuinua macho.