Deni la Mwezi

Kanuni zote zimeenea nyuma ya risiti ya tokeni,
ile ndogo, ya shilingi hamsini:
Ukitaka jambo gumu, tupa dadu.
Nne, tano, sita, umelipata.
Moja, mbili, tatu, limekupata.
Chini yake palikuwa na kanuni nyingine,
lakini Apondi alituliza hapo kikombe cha chai
na hakuna anayekumbuka ilisema nini.

Jumatano, Nyalenda, chumba cha nyuma ya duka la simu.
Stima imepotea tangu saa moja.
Mchana kutwa nimesoma mita za maji,
nimebwekewa na mbwa, kisha na wenye mbwa.
Sasa mimi ndiye msimulizi.
Nasema, "Nje ya dirisha hakuna kitu,"
na watu wazima watatu wanageuza shingo
kutazama ukuta wenye kalenda ya duka la mbolea
kwa makini, kama wanaotafuta nyota iliyodondoka.

Chombo chetu kinaitwa Deni la Mwezi.
Tayari kimepita sayari mbili bila kutua;
moja ilitaka kodi.
Rubani ni Khavere. Kazini ni nesi wa zamu ya usiku,
hapa hataki kumtibu yeyote,
alitangaza mapema: mkiumia, umieni.
Mogaka ni fundi wa mitambo. Dadu ni yake,
aliichonga kwa jiwe la sabuni la kwao Tabaka,
waridi kidogo ubavuni, laini kama ndewe ya sikio,
na haiko sawa.
Inapenda tatu.
Tupa mara ishirini, tatu itakuja mara tisa.
Nilimwambia aipige msasa.
Akaniuliza, "Na mita zako, zote ziko sawa?"
Nikatafuta kalamu yangu chini ya meza.

Hewa yetu ni njugu,
njugu karanga ndani ya kisosi,
kila moja saa moja ya kupumua.
Tulianza na kumi na mbili. Usiku huo zilibaki tano.
Mvua ikaja kutoka upande wa ziwa, ikapiga mabati,
nami nilikuwa katikati ya kueleza ukimya wa anga za mbali,
nikipaza sauti ili ukimya usikike,
niliposikia kra.

Apondi ametafuna.
Hakukusudia. Tangu alfajiri amefua nguo za watu,
mkono ulikwenda wenyewe.
Tulimtazama. Yeye alitazama kisosi.
"Nimekula saa," akasema.

Mimi nilicheka. Khavere hakucheka.
"Kule wodini," alisema, "hewa ikiisha haitoi hata mlio."
Kisha, kwa sauti ya rubani:
"Chombo kina ufa. Tupa."

Jiwe likazunguka, likagonga kikombe,
likasimama kwa pembe moja, likafikiri.
Tatu.
Ingekuwa nini tena.

Niliyajua ya kusema. Nilikuwa nimeyapanga tangu Jumapili:
ubaridi, taa nyekundu, mtu mmoja kubaki nje.
Lakini Mogaka aliinua risiti kwenye mwanga wa simu,
akalikodolea macho doa la chai.
"Hapa ni kama pameandikwa gawaneni."
"Au ngojeni," alisema Khavere.
"Au ni chai tu," nikasema mimi.
Mogaka akachukua njugu moja, akaila.
Khavere akachukua moja, akaimenya ganda kwanza, taratibu,
kama mtu anayefungua bandeji.
Wakanisubiri.
Ilikuwa na chumvi nyingi.

Apondi alikuwa akijifuta macho kwa kanga, akilaumu moshi,
na hatukuwa tumewasha kitu.

Stima ilirudi saa nne kasoro.
Ghafla kukawa na meza, makombo,
na dadu yenye macho matatu ikitutazama.
Njugu iliyobaki niliifunga ndani ya risiti.
Kesho nitakuwa Milimani,
nikiinua vifuniko vya chuma, nikiandika maji ya watu,
na mfukoni mwa shati
saa moja ya hewa, ya watu wanne.